Habibu na Habibi: Safari Mbili za Neno Moja

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno moja la Kiarabu, habibi, lilivyotoka katika vinywa vya wazazi, wapenzi na washairi wa Kiarabu likaingia katika vinywa vya watu wa mataifa mengi, ambao wengi wao hawajui Kiarabu hata kidogo. Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaoshughulika na istilahi? Neno lenyewe si istilahi. Halitaji chombo, wala cheo, wala tawi lolote la elimu. Jibu langu ni kwamba neno hili lilinionyesha kosa ambalo darasa la tafsiri la chuo kikuu halikunionyesha. Na kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja iliniletea karatasi za kutafsiri. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa amefanya kazi ya ghala katika nchi mojawapo ya Ghuba, kisha akarudi nyumbani akidai mshahara wa miezi minne. Ushahidi wake ulikuwa ni maandishi ya simu aliyoandikiana na msimamizi wake, nayo yalikuwa yamechapwa karatasini. Kiarabu chake kilikuwa cha mitaani, kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na kuchanganywa na Kiingereza. Karibu kila ujumbe wa msimamizi ulianza kwa neno habibi. Nikafungua kamusi, nikaona maana, nikaandika: "Mpenzi wangu, subiri mwezi ujao." Na tena: "Mpenzi wangu, usinipigie simu usiku."

Siku ya kikao, mzee aliyekuwa akisikiliza shauri alinyamaza kidogo, akamtazama yule kijana, kisha akauliza kama madai haya ni ya mshahara au ni ya jambo jingine. Kijana aliinamisha kichwa. Ilinibidi nisimame nieleze kwamba ila haikuwa kwake bali kwangu mfasiri. Tafsiri ikarudishwa ifanywe upya, na shauri likaahirishwa kwa wiki tatu. Wiki tatu ni muda mfupi kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mtu asiyelipwa miezi minne ni muda mrefu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatia neno hili, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Asili na umbo

Mzizi wa neno hili ni konsonanti tatu za Kiarabu, yaani ha ya kooni, ba, na ba tena. Kutokana na mzizi huo hupatikana hubb, yaani upendo. Habib ni nomino iliyoundwa kwa mizani ambayo mara nyingi humtaja mtendwa. Kama vile jarih alivyo mtu aliyejeruhiwa, ndivyo habib alivyo mtu apendwaye. Kiambishi -i cha mwisho maana yake ni "wangu". Basi habibi, kwa kufuata sarufi, ni "mpendwa wangu". Akiitwa mwanamke husemwa habibati, na katika lahaja nyingi za mitaani habibti.

Lakini hata huko kwao neno hili halikufungwa katika mapenzi ya mume na mke. Mama humwita mwanawe habibi. Mwalimu humwita mwanafunzi wake. Rafiki humwita rafikiye. Kadhalika, katika ushairi wa Kiarabu na katika nyimbo za Misri, mwimbaji amsifuye mwanamke mara nyingi hulitumia umbo la kiume, kwa kuwa desturi iliona ni staha kutomtaja mwanamke waziwazi. Kwa hiyo umbo la neno peke yake halimwambii mfasiri anayeitwa ni nani, wala halimwambii kama anayeitwa ni mwanamume au mwanamke. Hili ni jambo la kukumbukwa katika yote yatakayofuata.

Safari ya kwanza: neno lilipofika pwani yetu

Sisi Waswahili tuliupokea mzizi huu zamani sana, na tukaupokea pamoja na watoto wake wengi. Tunayo huba, mahaba, habibu, muhibu na mahabubu. Kwa Kiarabu muhibb ni yule apendaye, na mahbub ni yule apendwaye. Kiswahili kimezisogeza maana hizi karibu karibu, hata muhibu akawa mpenzi tu, apende au apendwe. Na mwalimu awatahadharishe wanafunzi wasimchanganye mahabubu na mahabusu, ambaye mzizi wake ni mwingine kabisa, nao ni wa kufunga na kuzuia.

Tazama namna habibu lilivyotoholewa. Kiswahili hakipendi silabi kuishia kwa konsonanti, na neno la Kiarabu likiishia kwa b huongezewa u: kitab likawa kitabu, adab likawa adabu, tabib likawa tabibu. Habib nalo likafuata njia hiyo hiyo likawa habibu. Ile ha ya kooni ikalainika ikawa h yetu ya kawaida, ambayo leo imebeba sauti tatu za Kiarabu: ya huba, ya hewa, na ile ya habari iliyokuwa kha.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kiambishi -i, yaani "wangu", hakikuingia. Tulisema habibu wangu, tukatumia kimilikishi chetu wenyewe. Lakini katika maneno mengine -i hiyo ilibaki: Yarabi ni "Ewe Mola wangu", na Ilahi ni "Mungu wangu". Ndiyo maana asemaye "Yarabi Mola wangu" amesema "wangu" mara mbili bila kujua, wala hakukosea, kwa kuwa Kiswahili hakiihesabu tena ile -i. Kwa nini Yarabi limebaki na -i yake na habibu halikubaki nayo? Kwa maoni yangu sababu ni hii: Yarabi lilifika kwetu kama neno la kuita, nasi tukalichukua na umbo lake la kuita. Habibu lilifika kama neno la kutaja, yaani jina la mtu wa namna fulani, nasi tukalivika vazi la nomino zetu. Neno la kutaja na neno la kuita ni vitu viwili mbalimbali, hata kama mzizi wao ni mmoja. Tofauti hii ndiyo nguzo ya makala haya.

Aidha, wazee wetu walijua vizuri kwamba maneno ya mzizi huu hayadai mapenzi kila yanapotajwa. Barua za kale za Kiswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilikuwa na kawaida ya kufunguliwa kwa maamkizi ya Kiarabu ambamo mwandikiwa huitwa muhibu. Mfanyabiashara alimwandikia hivyo mwenzake aliyemdai fedha. Liwali naye aliandikiwa hivyo na mtu mwenye shida. Hakuna aliyedhani kwamba waandishi hao wanaandikiana barua za mapenzi. Lau ningalizikumbuka barua hizo siku ile, nisingalimtia yule kijana aibuni.

Vilevile neno habibu lilikuwa jina la watu, Habibu na Habiba, na hata leo ni majina ya kawaida katika Afrika Mashariki. Katika Uislamu Mtume Muhammad huitwa Habibullah, kipenzi cha Mwenyezi Mungu. Huko Hadhramaut masharifu walipewa cheo cha Habib, na cheo hicho kikasafiri pamoja nao katika Bahari ya Hindi. Huko Lamu, Msikiti wa Riyadha haukumbukwi bila kumtaja Habib Saleh. Na huko Indonesia masharifu wenye asili ya Hadhramaut huitwa Habib mpaka leo. Hapa tena neno limeacha kazi moja likashika nyingine: lilikuwa la huba, sasa ni la heshima.

Redio, santuri na filamu

Kwa karne nyingi neno lilisafiri kwa majahazi, vitabu na walimu. Katika karne ya 20 lilipata chombo kipya. Redio ya taifa ya Misri ilianza matangazo yake mwaka 1934, na kwa miaka mingi mwimbaji Umm Kulthum alisikika humo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wa nyimbo. Mwaka 1953 ilianzishwa idhaa ya Sauti ya Waarabu, ambayo ilisikika mbali na Misri. Filamu za Cairo nazo zilijaa nyimbo, na nyimbo hizo zilijaa neno habibi. Mtu wa Morocco na mtu wa Irak, ambao lahaja zao hazifanani, wote waliifahamu lahaja ya Cairo kwa sababu ya nyimbo na filamu hizo.

Pwani yetu haikuwa nje ya mkondo huo. Wapigaji wa taarabu wa Unguja, ambako klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, walizisikiliza sana santuri za Misri na kujifunza mitindo yake. Kwa hiyo masikio ya wazee wetu yalilizoea habibi la nyimboni wakati ndimi zao zikisema habibu. Maneno hayo mawili yaliishi pamoja bila ugomvi, moja la kusikiliza na moja la kusema.

Kisha, mwaka 1996, mwimbaji wa Misri Amr Diab alitoa wimbo uitwao "Nour El Ain", yaani "Nuru ya Jicho". Wimbo huo ulichezwa Ulaya, Asia na Amerika ya Kusini, na watu wengi wasiojua Kiarabu hawakulijua jina lake halisi; waliuita "Habibi" tu, kwa kuwa ndilo neno waliloweza kulishika. Haya ndiyo mambo yanayotokea neno linapotoka nje ya lugha yake: maneno yote yaliyolizunguka huanguka njiani, nalo huendelea peke yake.

Neno mikononi mwa wahamiaji

Pamoja na nyimbo, walikuwako watu. Kimalta, ambacho kimetokana na Kiarabu kilichofika kisiwani humo baada ya Waarabu kukitwaa mwaka 870, kinalo neno hili mpaka leo, na maana yake ya kawaida ni "rafiki". Katika Kiebrania cha mitaani cha Israeli, habibi ni neno la kumwita mwenzio, la urafiki au la kejeli, pamoja na maneno mengine kadhaa ya Kiarabu. Huko Brazil, ambako Wasiria na Walebanoni walianza kuhamia tangu mwishoni mwa karne ya 19, ilianzishwa São Paulo mwaka 1988 kampuni ya migahawa iitwayo Habib's, na mamilioni ya watu wasiokuwa Waarabu wakalijua neno hilo kwa njia ya chakula. Katika miji ya Ulaya, vijana waliokua pamoja na watoto wa wahamiaji wa Kiarabu waliokota maneno yao ya kuitana na kuyatia katika Kifaransa, Kijerumani na Kiswidi chao. Si mara ya kwanza. Wafaransa walichukua toubib huko Algeria katika karne ya 19, ambalo ni tabibu huyu huyu tunayemwendea tukiugua, na wakalifanya neno la mzaha la kumtaja daktari.

Lakini soko kubwa kuliko yote la neno hili lilikuwa Ghuba. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, nchi za Ghuba ziliwaita wafanyakazi kutoka India, Pakistan, Bangladesh, Ufilipino, Misri na kwetu Afrika Mashariki. Katika Falme za Kiarabu leo, karibu watu 9 katika kila 10 ni wageni. Huko kumetokea Kiarabu cha sokoni, kilichopunguzwa sarufi, ambacho Mhindi humsemesha Mfilipino na Mfilipino humsemesha Mwafrika bila hata mmoja wao kuwa Mwarabu. Katika lugha hiyo habibi ni neno la kufungulia mazungumzo. Dereva wa teksi humwita abiria habibi. Muuza nguo humwita mteja habibi. Msimamizi humwita kibarua habibi anapomwagiza na hata anapomkemea.

Hali ya Waswahili walioko Oman yastahili kutajwa. Wengi wao ni watu waliotoka Unguja na Pemba baada ya mwaka 1964, na wengine waliingia Oman baada ya mwaka 1970. Kwao habibu ni neno la nyumbani, la Kiswahili, na habibi ni neno la barabarani. Mtu mmoja huweza kuyasema yote mawili kwa siku moja, kila moja mahali pake. Ni mfano ulio hai wa kauli yangu kwamba safari mbili za neno moja zimeleta maneno mawili.

Herufi za simu

Sasa na tuingie katika sura ya karibu zaidi, ya simu na mtandao wa intaneti. Ujumbe wa kwanza wa maandishi wa simu ulitumwa Uingereza mwezi Desemba mwaka 1992. Kwa mujibu wa kanuni za mitambo hiyo, ujumbe mmoja ulioandikwa kwa herufi za Kirumi hubeba alama 160. Ukiandikwa kwa herufi za Kiarabu hubeba alama 70 tu. Tena simu na kompyuta nyingi za miaka ile hazikuwa na herufi za Kiarabu kabisa. Kwa hiyo vijana wa Kiarabu, kwa uhaba wa fedha na wa vyombo, walianza kukiandika Kiarabu kwa herufi za Kirumi.

Ndugu msomaji ataona kwamba hili ni jambo tulilolipitia sisi kwa upande wa pili. Wazee wetu walikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo asili yake hazina p wala ch, wakalazimika kubuni alama. Vijana wa Kiarabu walikiandika Kiarabu kwa herufi za Kirumi, ambazo hazina ha ya kooni wala ain, nao wakabuni: tarakimu 7 ikawa ha ya kooni kwa kuwa umbo lake lafanana nayo, na tarakimu 3 ikawa ain. Hivyo basi, habibi likaandikwa 7abibi. Hakuna baraza lililoidhinisha mwandiko huo, wala hakuna wizara iliyotoa waraka. Hata hivyo ulienea kutoka Beirut mpaka Kuwait, kwa sababu ulijibu haja.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko walivyotarajia waanzilishi wake. Neno lililovaa herufi za Kirumi liliweza kusomwa na Mbrazili, Mjerumani na Mmarekani. Wageni hao walipolichukua, waliiacha ile tarakimu 7 na kuandika h. Sauti ya kooni ilipotea mara ya pili, kama ilivyopotea zamani pwani kwetu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya sauti. Katika mitandao ya video fupi, hasa TikTok, iliyotoka nje ya China mwaka 2017 na kuungana na Musical.ly mwaka 2018, mtu huweza kuichukua sauti ya video ya mwenzake na kuitia katika video yake mwenyewe. Hapo neno halihitaji kuandikwa wala kufahamika; linatosha kusikika vizuri. Na habibi husikika vizuri: silabi tatu zilizo wazi, konsonanti nyepesi, hakuna ulimi usioweza kulitamka. Katika miaka ya mwanzo ya 2020 ulienea duniani msemo wa mzaha, "Habibi, njoo Dubai", ukisemwa juu ya picha za magari ya fahari, majumba marefu na dhahabu. Ulisemwa na Wahindi, Waafrika na Wazungu, kwa lafudhi ya kuigiza. Humo hamna mpenzi wala mpendwa. Mwenye kuitwa ni mtu yeyote atazamaye.

Kilichopotea na kilichobaki

Tukizitazama hatua hizi zote pamoja, twaona jambo moja likijirudia. Kila neno lilipovuka mpaka liliacha sehemu ya maana yake. Kwanza liliacha jinsia, kwa kuwa nje ya Kiarabu watu wengi husema habibi kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Pili liliacha "wangu", na ndiyo maana siku hizi vijana wetu husema "habibi wangu" kama ilivyosemwa "Yarabi Mola wangu". Tatu, katika soko na katika mzaha, liliiacha huba yenyewe. Kilichobaki ni kuita. Habibi wa mtandaoni ni mkono unaopungwa kwa mtu, kumwambia: wewe, nasema nawe, nami nataka unione kuwa mtu wa karibu.

Na hapo ndipo penye hatari. Neno la ukaribu linaposemwa na mtu mwenye uwezo juu ya mwenzake, ukaribu huo huweza kuwa pazia. Yule msimamizi hakuwa akimpenda kibarua wake, wala hakuwa rafiki yake. Alilitumia neno tamu ili kuahirisha haki. Mfasiri akiandika "mpenzi wangu" hupotosha. Akiandika "rafiki yangu" hupotosha kwa kiasi kidogo zaidi, lakini bado hupotosha.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Kiarabu peke yake. Mama wa Kiswahili humwita mwanawe wa kiume "baba". Mfasiri mgeni asiyeijua desturi hii atashangaa kuona mtoto wa miaka mitatu ana mwana mzee kuliko yeye. Nasi husema "Acha bwana!" kwa rika, kwa mdogo, hata kwa dada zetu, na hakuna aliyekuwa mtumwa wa mwenzake katika kauli hiyo. Bwana lilikuwa neno la cheo, kisha likawa neno la kuitana. Safari yake ni ile ile ya habibi. Moja lilianzia katika ukubwa, jingine katika mapenzi, yakakutana barabarani.

Mapendekezo kwa wafasiri na walimu

Kwa kuyazingatia hayo, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, habibu libaki kama lilivyo: nomino ya Kiswahili, yenye maana ya mpenzi au kipenzi, yenye haki zote za nomino. Habibi lisichukuliwe kuwa ni kosa la kuandika habibu, wala lisisahihishwe hivyo katika madaftari ya wanafunzi. Ni neno la kuita, limekuja kwa mlango mwingine. Kama litadumu katika vinywa vya watu wetu, kamusi italiandika kwa wakati wake. Kama litapita, litapita bila msaada wetu. Si kazi ya Baraza kulibunia kisawe kimoja, kwa maana visawe hubuniwa kwa ajili ya vitu na dhana, si kwa ajili ya namna watu wanavyoitana.

Pili, mfasiri akutanapo na habibi asiulize kwanza "neno hili maana yake nini?" bali "nani anamwita nani, na kwa haja gani?" Mzazi akimwita mtoto, tunayo mwanangu, kipenzi changu, na baba au mama kwa desturi yetu. Mume na mke wanayo mpenzi, muhibu na laazizi. Marafiki wanayo ndugu yangu na mwenzangu. Muuzaji akimwita mteja, tuseme kaka, dada, au "karibu ndugu". Mkubwa akimwita mdogo wake wa kazi katika amri au onyo, bwana latosha. Na pengine neno lenyewe liachwe, kwa kuwa amri imekwisha kueleweka.

Tatu, katika hati za mahakama, za kazi na za uhamiaji, mfasiri aliache neno la asili lionekane na aeleze matumizi yake kwa sentensi moja pembeni. Hati hizo hubeba mishahara na heshima za watu. Msomaji wake ana haki ya kujua kwamba neno lilikuwapo na lilikuwa la namna gani.

Nne, walimu wa lugha wawape wanafunzi mifano ya maneno ya kuitana kutoka katika mitaa yao wenyewe kabla ya kuwapa mifano ya kigeni. Mwanafunzi aliyekwisha kufahamu kwa nini mama yake humwita "baba" hatakuwa na shida kubwa kufahamu kwa nini dereva wa Dubai humwita abiria habibi.

Hitimisho

Historia ya neno hili yatuonyesha kwamba lugha hukopa kwa njia mbili: hukopa majina ya kutaja, na hukopa sauti za kuita. Njia ya kwanza tumeisoma sana, nasi tuna kanuni nzuri za utohozi. Ya pili tumeipuuza, labda kwa kuwa twaona ni mambo ya mitaani yasiyofaa kuwekwa mezani. Lakini siku hizi, ambapo ujumbe wa simu huwekwa mbele ya hakimu na mbele ya afisa wa kazi, maneno ya kuitana yameingia ofisini, na yatupasa kuyapokea kwa uangalifu ule ule tunaoyapokea nao maneno ya sayansi na sheria.

Katika nakala ya pili ya tafsiri yangu, ule ujumbe wa kwanza niliuandika hivi: "Subiri mwezi ujao, bwana." Pembeni nikaeleza neno lililotumika na namna wasimamizi wa huko wanavyolitumia kwa vibarua wao. Safari hii mzee aliusoma mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akamuuliza kijana swali lililopaswa kuulizwa tangu siku ya kwanza: mwezi huo ujao ulipofika, ulilipwa?